Siku Saba za Bure

Ngano ilikuwa kwenye maji ya sita mbwa alipobweka mara moja tu, vile mbwa anavyombwekea mtu anayemfahamu, kisha akanyamaza. Lisandra hakuinua kichwa. Ngano ya koliva, chakula cha kuwakumbukia wafu, huoshwa kwa maji tisa, si manane wala si kumi, na ukikatizwa katikati unapotewa na hesabu na kuanza upya. Alimwaga maji ya sita kwenye shina la mzabibu, akachota ya saba, akazamisha mikono mpaka karibu na viwiko, akaisugua ngano taratibu, kiganja kwa kiganja, mpaka makapi yakaelea juu.

Kwa miaka ishirini na miwili mikono hiyo ilikuwa ikiwapikia wafu wa mji ule wa kando ya mto Olt. Mtu akifariki, jamaa zake walikwenda kwa padri, wakitoka hapo kwa seremala wa majeneza, wakitoka hapo kwa Lisandra. Koliva yake ilijulikana: ngano iliyoiva bila kupasuka, asali, jozi zilizosagwa, ganda la limau lililoparuzwa, sukari laini juu yake kama theluji ya kwanza, na msalaba wa pipi ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Kalenda ya kila nyumba ilikuwa kichwani mwake. Siku ya tatu, ya tisa, ya arobaini, mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa, mwaka, halafu kila mwaka mpaka wa saba. Waliosahau aliwapigia hodi yeye. "Tarehe imefika," aliwaambia tu, nao walijua.

Ngano ya leo ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Ilarie, mumewe, mshika bendera mstaafu wa reli, alifariki mwezi wa Februari. Kesho, Jumamosi, ilikuwa kumbukumbu yake ya miezi sita.

Maji ya tisa yalipotoka meupe safi, alifunika beseni kwa kitambaa, akafuta mikono, akaenda langoni kuona mbwa alimbwekea nani.

Kwenye msumari wa lango, pale wanapotundika mfuko wa mkate, ilining'inia taulo ya pamba iliyotariziwa majogoo wawili wekundu. Aliijua kabla hajaigusa, kwa kuwa majogoo wale aliwatarizi yeye. Ndani yake mlikuwa na simu ya Ilarie, imefutwa ikang'aa, waya wa chaja umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Na kwenye pembe ya taulo kilikuwepo kile kifundo kidogo alichokifunga kwa mkono wake siku ya arobaini, akaweka sarafu ndani. Alikibonyeza. Sarafu ilikuwamo bado. Safta, aliyepewa simu na taulo ile kuwa sadaka ya Ilarie, hakuwahi kukifungua.

Barabarani hapakuwa na mtu.

Kitu ukikitoa sadaka ya marehemu, mshumaa ukiwaka juu yake, kinamfikia huko aliko. Ukitoa kikombe, anakunywea. Ukitoa koti, analivaa. Anayepokea husema, "Mungu awasamehe wafu wako," na shughuli imekwisha. Lisandra aliyejua desturi zote, mpaka ya upande gani wa meza mjane asimame, hakuwa na desturi ya kitu kilichorudishwa. Alisimama na ile taulo mikononi kama mtu aliyekabidhiwa nguo za mgonjwa mlangoni mwa hospitali.

Jana yake, kwenye foleni ya mkate, alikuwa amemwita Safta mwizi.

Mambo yenyewe yalianza mwezi wa Juni. Aliona pensheni yake haifiki mwisho wa mwezi, akaenda benki, akachapishiwa karatasi. Kila tarehe ishirini zilikuwa zinatoka pesa, lei thelathini na tisa, kwenda kwa jina ambalo halikuwa jina bali rundo la herufi na mji wa nchi nyingine. Msichana wa dirishani akamwandikia kadi mpya yenye namba mpya. "Sasa hawakupati tena, mama," alisema, na Lisandra alirudi nyumbani amepumua. Lakini jana, tarehe ishirini ya Agosti, saa mbili asubuhi, yuko kwenye foleni na kikapu mkononi, ujumbe wa benki ukaingia. Lei thelathini na tisa. Kutoka kwenye kadi mpya.

Safta alikuwa watu watatu mbele yake.

Na kadi ya Lisandra ilikuwa wapi siku zote, kama si kwenye simu ya Ilarie? Ilarie aliiweka humo ili alipie umeme akiwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, asipande mlima kwenda ofisini na magoti yake yale. Na simu ya Ilarie alikuwa nayo nani?

"Umeniona mjinga, Safta?"

Safta aligeuka. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini, anayesafisha kanisa na kutunza ufunguo wa sanduku la mishumaa. "Unasema na mimi, dada Lisandra?"

"Nasema na mwenye simu ya mume wangu. Mtu hajafanyiwa hata kumbukumbu ya miezi sita, wewe unamchuna mjane wake! Lei thelathini na tisa kila tarehe ishirini, kama mshahara!"

"Kadi yako mimi sijawahi hata kuiona."

"Nimebadilisha kadi, bado umenifuata!"

"Lakini si Zamfira wa kibanda cha simu aliifuta kabla hujanipa? Ulikuwepo."

Hapo akadakia Paraschiva, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe. "Kufuta ni kwa sisi tusiojua. Wanaojua wanafufua, nimeona kwenye televisheni. Na mimi nashangaa viatu hivyo vipya! Eti binti kamtumia kutoka Hispania. Kumbe tumevinunua sisi!"

Watu wakacheka. Safta aliingiza mikono yake chini ya aproni, kana kwamba mikono ndiyo iliyosemwa, akatoka kwenye foleni bila mkate. Kabla ya saa sita mchana wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kumwambia padri, na padri, aliyekuwa mtu wa kuogopa maneno, alimwomba Safta auache ufunguo mezani "mpaka mambo yaeleweke." Angetoa uamuzi Jumamosi, baada ya kumbukumbu ya Ilarie.

Na ni Safta huyo aliyembebea Ilarie maji. Siku arobaini mfululizo tangu mazishi, alichota ndoo mbili kila asubuhi na kuzipeleka kwa kikongwe asiyeweza kufika kisimani, ili marehemu asione kiu njiani. Kila siku alikata alama kwenye kijiti. Siku ya arobaini walikipeleka mtoni pamoja na mishumaa, wakakiachia maji yakichukue, na hapo hapo kwenye kokoto Lisandra akampa simu ndani ya taulo yenye majogoo. Safta alilia. Simu yake ya zamani ilikuwa haionyeshi sura, na binti yake aliyekuwa akichuma stroberi huko Hispania alikuwa hajaonana naye miaka mitatu.

Sasa sarafu ilikuwa bado kwenye kifundo. Mwizi gani huyu, alijiuliza Lisandra, anayeacha sarafu? Alilisukuma wazo hilo pembeni, akavua aproni, akaenda sokoni.

Zamfira, binti yake wa ubatizo, alikuwa na kibanda cha simu kati ya muuza mbegu na watu wanaochoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi. Moshi wao ulijaa kibandani na kuwatoa wateja machozi.

"Mama ubatizo! Karibu ukae, kinacholiza watu ni moshi tu, si bei zangu."

Lisandra aliweka simu mezani. "Nataka unionyeshe alivyofanya. Nikiwa na ushahidi, padri hatanung'unika."

Zamfira aliiwasha, akaipekua. "Humu kuna picha za binti wa Safta, tochi, na kalenda ya watakatifu. Hakuna kadi. Niliifuta mwenyewe, nakumbuka." Akanyoosha mkono. "Hebu nipe ile karatasi ya benki."

Alisoma lile rundo la herufi kwa kidole. Akasoma tena. Kisha akakuna sikio.

"Hawa ni watu wa tamthilia."

"Tamthilia gani?"

"Wale wa kuonyesha filamu kwenye simu. Za Kituruki, za Kihispania. Unajisajili, wanakukata kila mwezi."

"Ilarie hakuwa mtu wa tamthilia. Ilarie alitazama samaki."

"Labda alibonyeza bila kujua. Ngoja, sanduku lake la barua pepe nililifungua mimi. Neno la siri niliweka jina la mbwa." Akaandika kwenye kompyuta yake, akasubiri, akaandika tena. "Haya. Barua hazijasomwa mia nne. Wafu nao wanatumiwa matangazo."

Lisandra alikuwa akitabasamu kidogo wakati huo. Ilikuwa mara yake ya mwisho kutabasamu siku hiyo.

Zamfira akasoma kwa sauti. "Tarehe kumi na tatu Februari. 'Karibu, Ilarie! Siku zako saba za bure zimeanza.' Tarehe kumi na nane. 'Ilarie, zimebaki siku mbili. Usipoghairi, usajili wako utaendelea wenyewe.' Tarehe ishirini. 'Asante kwa kubaki nasi, Ilarie.' Halafu Machi ishirini, asante. Aprili ishirini, asante. Mei…"

Tarehe kumi na nane Lisandra alikuwa akimwosha mumewe kwa divai na maji. Tarehe ishirini walimzika.

"Siku saba za bure, mama ubatizo, maana yake siyo kwamba siku ya nane wanafunga mlango," alisema Zamfira. "Maana yake siku ya nane wanaanza kukata. Ukibonyeza 'nakubali' umekwisha kuwaambia: endeleeni kila mwezi, tarehe ileile, mpaka mimi mwenyewe nije niseme basi. Usiposema kitu, ni ndiyo."

"Lakini simu uliifuta."

"Nilifuta simu. Makubaliano hayakai kwenye simu, yako kwao huko. Unaweza kuitupa simu mtoni, wao wanaendelea."

"Na kadi je? Nimebadilisha kadi!"

"Benki huwapelekea namba mpya, ili huduma isikatike. Wanafanya hivyo kukusaidia." Akacheka kidogo bila furaha. "Kwa hiyo Safta hakufanya lolote. Hata angetaka asingeweza. Ni mzee Ilarie tu, Mungu amrehemu, kidole kiliteleza."

Zamfira alikuwa amekwisha kuingia kwenye akaunti yenyewe, na kwenye kioo palitokea picha ya mwanamke mwenye shela ya kijani amesimama mlangoni mwa duka la mikate, na nyuma yake mwanamume wa suti. Chini yake maneno: *Endelea kutazama*.

Lisandra aliwajua wote wawili. Alimjua hata mama mkwe wa yule mwanamke.

"Inaonyesha na vilivyotazamwa," Zamfira aliendelea, bado hajaangalia uso wa mwenzake. "Tarehe kumi na tatu, sehemu mbili. Kumi na nne, tatu. Kumi na tano, tatu. Kumi na sita… Kumi na saba, sehemu nne. Zote mpaka mwi…"

Zamfira akageuza kioo pembeni taratibu, kama mtu anayemvutia mwenzake shuka lililofunuka.

Maana kila mtu mjini alijua Ilarie alivyokuwa juma lile la mwisho. Kidole chake kisingeweza kuteleza popote.

Ilikuwa hivi. Ilarie alilala siku nzima kwa dawa, akiamka akalala tena. Lisandra alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, dirisha limefungwa, saa inapiga, na mchana wa Februari hauishi. Alishika simu ya mumewe tu apate cha kushika. Tangazo likaja: mwanamke wa shela ya kijani, siku saba za bure. Simu ikataka kidole. Cha kwake ilikikataa. Basi akauchukua mkono wa Ilarie uliokuwa juu ya blanketi, akakishika kidole gumba, cha moto, chenye kovu la kiberenge, akakibandika kwenye kioo. Simu ikakubali. Ilarie hakuamka. Lisandra aliurudisha mkono pale pale ulipokuwa, akaupapasa, kana kwamba ameomba ruhusa.

Sauti aliizima ili asimsumbue. Alisoma maandishi ya chini. Na tarehe kumi na saba mchana, yule mwanamke akiwa anafungua barua ya baba yake, Ilarie alisema, "Lisandra. Maji."

"Sasa hivi," alijibu. "Dakika moja."

Kwa miezi sita alikuwa akijiambia kwamba ilikuwa dakika moja kweli. Barua ikasomwa, akainuka, akaleta maji. Ilarie alikuwa amelala tena. Akaweka bilauri kwenye meza ndogo, na asubuhi yake Ilarie hakuamka. Hakumwambia mtu, kwa kuwa dakika moja si kitu cha kumwambia mtu. Lakini hawa watu wa nchi nyingine walikuwa wameandika. Sehemu ya kumi na mbili, mpaka mwisho. Ya kumi na tatu, mpaka mwisho, bila kusimamishwa hata mara moja. Barua ilifunguliwa mwanzoni mwa ile ya kumi na mbili, hilo alilikumbuka vizuri.

"Ifunge," alisema.

"Nighairi?"

"Funga. Ghairi. Sijui mnaitaje."

Haikufungika kirahisi. *Una uhakika unataka kutuacha, Ilarie?* Zamfira akabonyeza ndiyo. *Pumzika mwezi mmoja, kisha urudi?* Hapana. *Baki kwa nusu bei?* "Hapa wanakuvuta mkono mlangoni kama mwenyeji aliyelewa," alinong'ona Zamfira. Mwisho wakauliza sababu: ni ghali, sina muda, sikupata ninachopenda, nyingine. Zamfira alimtazama mama yake wa ubatizo, akachagua nyingine. Hawakuuliza zaidi. Wakasema Ilarie anaweza kuendelea kutazama mpaka tarehe ishirini Septemba, kwa kuwa mwezi huo umekwisha kulipiwa.

"Sikiliza," alisema Zamfira, akimsogezea kikombe cha maji, ambacho Lisandra hakukigusa. "Waambie ni kosa la benki. Benki haina uso, haiwezi kuona aibu. Safta anarudishiwa ufunguo, wewe unarudi kwenye koliva yako. Nani atauliza?"

Ilionekana rahisi. Njiani Lisandra aliirudiarudia kimoyomoyo, kosa la benki, kosa la benki, na alipomkuta Paraschiva anaosha ngazi za mlango wake, aliitoa kabla haijapoa.

"Paraschiva, lile jambo la Safta. Ni benki waliokosea. Nimetoka huko sasa hivi."

Paraschiva aliegemea ufagio, akamtazama kwa huruma. "Lisandra wee. Una moyo wa kukanyagwa na kila mtu, kama daraja."

"Moyo gani? Ni benki."

"Unamfichia. Kesho ni siku ya mumeo, hutaki ugomvi, nakuelewa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini usihangaike." Alishusha sauti. "Nimekwisha kuwaambia wote: mtazameni Lisandra, ameibiwa na bado anamtetea aliyemwibia. Mtakatifu mtupu! Na simu karudisha, nimemwona alivyopita kimyakimya. Asiye na hatia anarudisha?"

Lisandra alifungua mdomo. Kingine cha kusema kilikuwepo, chote, kuanzia kwenye kidole gumba, lakini hakikutoka. Aliingia ndani, akawasha jiko, akachemsha ngano ya Ilarie, akisimama juu yake na mwiko kwa saa mbili bila kukaa, kwa kuwa ngano ya koliva ukikaa inashika chini.

Jumamosi kulikuwa na jua kali. Meza ndefu iliwekwa uani kwa kanisa, chini ya kivuli cha ukuta: koliva katikati, mikate ya kusuka, nyanya, jibini, gongo ya plamu kwenye chupa ndogo. Padri aliimba na kufukiza ubani. Walipofika kwenye "kumbukumbu ya milele," wote waliishika sinia ya koliva, na wasioifikia wakamshika bega aliye mbele, wakaiinua na kuishusha taratibu, mji mzima umeshikana kama mnyororo.

Safta hakushika bega la mtu. Alikuwa amesimama mbali, karibu na bomba la kupampu la uani. Alikuja kwa kuwa aliyembebea marehemu maji hawezi kukosa kumbukumbu yake, na alikuja na viatu vyake vya zamani.

Lisandra alianza kugawa koliva kwenye vikombe vya karatasi. Paraschiva alionja, akafumba macho. "Ngano kama lulu. Ilarie huko aliko anajilamba."

"Subirini," alisema Lisandra.

Hakusema kwa nguvu, lakini walinyamaza, maana mjane hasemi kabla koliva haijaisha.

"Lei zile hakuiba Safta."

"Tunajua, mama, benki," alisema mtu, na mwingine akakohoa kicheko.

"Si benki. Nilidanganya jana. Ni mimi." Alishika ukingo wa meza. "Ni tamthilia. Ile ya Kituruki, ya mwanamke wa duka la mikate. Walisema siku saba za bure, nikajisajili. Kumbe zikiisha wanakata wenyewe mpaka uwazuie, hata ukibadilisha kadi. Sikuwazuia. Sikujua. Zamfira anazo barua zote."

"Aa, hilo tu?" Paraschiva alivuta pumzi. "Sisi sote tunaitazama hiyo! Ungesema…"

"Nilijisajili tarehe kumi na tatu Februari."

Ilichukua kitambo. Lisandra aliona wanavyohesabu, mmoja baada ya mwingine, na alijua hesabu hiyo yeye ndiye aliyewafundisha: siku ya tatu, ya tisa, ya arobaini, ukirudi nyuma. Paraschiva alikuwa wa kwanza kuangalia chini.

"Nilikuwa nimekaa naye. Simu ilitaka kidole chake, nikakichukua kidole chake, amelala. Nilitazama siku zote zile. Kumi na saba nilitazama nne. Aliniomba maji. Nikamwambia dakika moja. Zilikuwa sehemu mbili nzima, imeandikwa huko. Basi. Safta hakugusa kitu. Hata sarafu ya kwenye taulo hakuigusa."

Padri aliukunjua mkono wake, ambao ufunguo wa sanduku la mishumaa ulikuwa umekwisha kuuachia alama, akauweka ufunguo mezani upande wa Safta.

Lisandra alichukua mshumaa, akauchomeka kwenye kipande cha mkate, akauwasha. Akaiweka simu juu ya taulo ya majogoo, na mkate juu ya simu, akazunguka meza, akaukata ua mzima mbele ya macho yao mpaka kwenye bomba. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Safta. Kwa ajili ya Ilarie." Maneno ya desturi yalikuwa hayo tu. Akaongeza yasiyo ya desturi: "Kama bado inawezekana."

Mikono ya Safta ilikuwa chini ya aproni. Aliutazama mshumaa, akaitazama simu. Kisha akamtazama Lisandra usoni, kwa mara ya kwanza tangu kwenye foleni ya mkate.

"Nilimbebea siku arobaini," alisema taratibu. "Kila siku nilijiuliza mbona ndoo zinakuwa nzito hivi."

Lisandra aliinamisha kichwa.

"Hayo maji. Aliyanywa?"

"Nilipoyaleta alikuwa amelala."

"Ukayaweka wapi?"

"Kwenye meza ndogo. Karibu na mkono wake."

Safta alitoa mikono chini ya aproni, lakini hakuinyoosha kwa simu. Alitungua kikombe cha bati kilichoning'inia kwenye bomba, akakisuuza, akakiweka chini ya mdomo wa bomba, akashika mpini na kuanza kupampu. Kwa kiangazi kile maji yalikuwa yamezama mbali. Mpini ulipiga kelele, ukapanda, ukashuka, ukapanda, na bomba likakohoa hewa tupu. Mezani hakuna aliyetafuna.

Mshumaa ulikuwa unaisha upande mmoja. Nta ya moto ilishuka kwenye mkate, ikafika kwenye vidole vya Lisandra, tone baada ya tone, na hakuvisogeza. Alisimama na mikono imenyooka, akisikiliza, chini kabisa ardhini, maji yakianza kupanda.